Maua Yasiyofika Sokoni: Taarifa ya Kikundi cha Mboji kwa Mkutano wa Mwaka



 

Mwaka jana tulisimama mbele yenu kwenye harambee kama hii tukawaomba mtuchangie ili tugeuze maua yanayotupwa na mashamba ya Usa River yawe mboji. Mlitoa. Fedha ile ilinunua makoleo, uma, matoroli 2, turubai, glovu, na ikalipa guta la kubebea maua kwa miezi mitano. Stakabadhi zote anazo Mhazini, na jedwali lake liko ukurasa wa nyuma wa kijarida hiki. Kwa hiyo fedha mnaijua ilikokwenda. Tunataka kuanza na jambo ambalo jedwali haliwezi kuonyesha.

Mwezi wa tatu, masika yakikaribia, tuliwauzia majirani 22 mboji ambayo haikuwa imeiva. Hatukujua kuwa haijaiva. Ilikuwa ya kahawia, imepoa, haina harufu mbaya, na sisi tulikuwa na haraka ya kuwaonyesha ninyi matokeo. Waliopanda maharage waliyaona yanatoka ya njano na kudumaa. Mama mmoja alipoteza kitalu kizima cha nyanya, na nyanya zile ndizo alizokuwa amezipigia hesabu ya ada ya shule. Alikuja kwetu na mche mmoja mkononi, mizizi yake imekuwa kahawia, akauweka mezani, akaondoka bila kusema neno. Afadhali angetutukana.

Tumerudisha fedha za wote 22. Kwa mama yule tulipeleka pia miche mipya tuliyoinunua kwa mifuko yetu, ingawa ilikuwa imechelewa kwa wiki nne na msimu haumsubiri mtu. Tunalisema hili hadharani kwa sababu wengi wenu mmeshalisikia kwa simu, kila mmoja kwa namna yake, na ni haki yenu mlisikie kwetu kabla hatujafungua mkono tena kuomba.

Sasa kwa ambao hawatufahamu. Sisi ni watu 14, kina mama 11 na vijana 3. Wengi wetu tumefanya kazi kwenye mashamba ya waridi, ama ndani ya vitalu nyumba, ama kwenye chumba cha kuchambulia maua. Waridi linalosafirishwa kwenda Uholanzi lina masharti kuliko bibi harusi. Shina liwe limenyooka, kichwa kilingane na wenzake, petali zisiwe na doa. Shingo ikipinda, linatupwa. Ukungu wa kijivu ukigusa petali moja, linatupwa. Na mbali ya maua yenyewe kuna matawi. Waridi likikatwa tawi leo, huchukua karibu wiki sita hadi nane kutoa ua jingine, kwa hiyo mwezi huu wa Desemba wakulima hukata matawi kwa wingi ili maua yafunguke kabla ya tarehe 14 Februari, ile sikukuu ya wapendanao. Ninyi mnapofika nyumbani kula Krismasi, ndipo takataka za waridi zinapofurika.

Zamani sehemu kubwa ya takataka hizo tuliiona ikienda shimoni au ikichomwa. Nyingine ilikuja kijijini, na hapa tuseme wazi: wapo kati yetu waliobeba mafurushi ya majani yale wakawapa ng'ombe. Msiwape. Waridi si mboga. Linapuliziwa dawa za ukungu na za wadudu kwa sababu hakuna anayelila, na dawa ikiingia kwa ng'ombe, maziwa yanaletwa mezani kwa mtoto.

Kwa upande wetu, tuna shida ya udongo. Ardhi hii wazee waliipigania. Mwaka 1951 watu wetu waliondolewa Ngare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda hadi New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kuisemea. Lakini kihamba alichorithi babu kimegawanywa kwa watoto, na watoto wakagawia watoto, na leo mtu anaoteshea migomba, kahawa, mahindi na maharage kwenye robo ekari hiyo hiyo kila mwaka bila kuipumzisha. Ng'ombe watatu wamekuwa mmoja, au hakuna. Samadi iliyokuwa ikirudishwa shambani haipo. Udongo wetu wa volkano unaonekana mweusi mzuri, ila una tabia ya kuishika fosforasi kwa nguvu, mmea usiipate kwa urahisi. Kinachosaidia kuilegeza ni mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza, na hayo ndiyo yanayopungua. Mwaka 2022 bei ya mbolea za viwandani ilipopanda hadi Serikali ikaleta ruzuku, kila mmoja hapa alionja ilivyo kutegemea kiroba cha dukani peke yake.

Ndipo tukasema: maua yapo upande ule wa barabara, njaa ya udongo ipo upande huu.

Kosa letu lilikuwa hivi. Mwezi wa kwanza jua lilikuwa kali na hatukuwa na maji ya kutosha. Rundo letu lilikuwa limepata moto vizuri, likapoa, tukafurahi. Tulidhani limepoa kwa sababu limeiva. Kumbe limepoa kwa sababu limekauka. Vijidudu vinavyoozesha majani vinahitaji maji na hewa kama sisi. Vikikosa maji havifi vyote, vinalala. Tukazijaza zile takataka zilizolala kwenye viroba tukawapa watu. Masika yakaja, mboji ikaloa ndani ya mashimo ya mbegu, vijidudu vikaamka na kuanza kula upya, na chakula cha kwanza walichokimbilia kilikuwa naitrojeni iliyomo kwenye udongo, ile ile ambayo mche mchanga ulikuwa unaihitaji. Juu ya hapo, uozo ambao haujakamilika hutoa tindikali na amonia zinazounguza mizizi midogo.

Haya hatukuyabuni. Afisa ugani alikuja akatazama rundo dogo lililobaki. Hakusema mengi. Alituagiza tulimwagie maji ndoo nane, tulipindue, tulifunike, tumsubiri. Siku ya tatu alichomeka nondo katikati, akaiacha dakika tano, akamwambia mmoja wetu aichomoe. Haikushikika. Rundo ambalo tuliliuza kama mboji iliyoiva lilikuwa na moto wa kuchemsha uji. Siku ile ndiyo tulianza shule.

Tangu mwezi wa nne tumetengeneza marundo sita kwa utaratibu mwingine, na tunaomba mtuvumilie tueleze kidogo, maana wengine mnaweza kuyafanya majumbani kwenu hata kwa majani ya bustani.

Kwanza ni mchanganyiko. Petali na majani mabichi yana maji mengi na naitrojeni nyingi. Yakilundikwa peke yake yanashikana kama karatasi zilizoloa, hewa haipiti, na baada ya siku chache unasikia harufu ya yai viza. Mashina ya waridi, mabua ya mahindi, maranda na majani makavu ya migomba yana kaboni nyingi na yanaacha nafasi ya hewa. Wataalamu wanataka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu 1 ya naitrojeni. Sisi hatuna kipimo cha hilo, tunapima kwa debe: madebe 2 ya maua na majani mabichi, debe 1 la mashina yaliyokatwa na mabua, nusu debe la samadi tukiipata, na koleo la udongo wa kihamba. Tabaka la petali lisizidi unene wa shubiri moja. Ukiminya gao moja la mchanganyiko mkononi, yatoke matone machache. Yakichuruzika ni mengi, na kama hayatoki kabisa, ongeza maji. Kipimo hiki cha mkono tunakifanya sasa kila mara tunapopindua, hasa mwezi wa kwanza na wa pili, tusirudie kilichotupata.

Pili ni moto. Rundo letu lina upana wa mita 2 na kimo cha mita moja na nusu. Likiwa dogo sana linapoteza joto. Kufikia siku ya tatu au ya nne ndani huwa zaidi ya nyuzi joto 55. Joto hilo ndilo linaloua magonjwa ya waridi, minyoo ya mizizi na mbegu za magugu. Kanuni inayotumika Marekani kwa marundo ya wazi inataka nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo rundo lipinduliwe angalau mara tano, ili kilichokuwa nje kiingie ndani. Tumeifuata hiyo. Joto likikaribia nyuzi 70 tunapindua mara moja, kwa sababu hata vijidudu vyenyewe huanza kufa. Kazi ya kupindua ni ngumu, tusiwadanganye. Mgongo unaijua.

Njia yenyewe ni ya siku nyingi. Mwingereza mmoja, Sir Albert Howard, aliifanyia kazi huko Indore, India, kati ya mwaka 1924 na 1931, akijifunza pia kwa wakulima wa kule, na katika miaka ya 1930 mashamba ya kahawa ya Kenya yaliichukua. Huko India hadi leo maua yanayotolewa kwenye mahekalu yanageuzwa mbolea. Kwa hiyo anayetucheka kwamba tunapika waridi, tuko na wenzetu wengi.

Tatu ni kusubiri, na hapa ndipo tulipokosea. Moto ukishapita, rundo linakuwa limepungua hadi nusu au chini ya hapo, ni jeusi, linapendeza, na kila mtu anataka kulichukua. Hapana. Linahitaji miezi miwili hadi mitatu ya kupumzika likiwa na unyevu, bila kukauka na bila kuloa kupita kiasi. Katika muda huo uozo unamalizika, na kile kilichobaki kinatulia: ukikimwagia maji hakiamki tena, naitrojeni yake inatoka polepole kadiri mmea unavyokua. Kuanzia siku ya kwanza hadi kiroba kushonwa ni miezi minne au mitano.

Siku hizi hatuuzi rundo lolote kabla halijafaulu mitihani mitatu. Tunalipindua na kulimwagia maji. Likipata joto tena limefeli. Tunachukua gao mbili tukazifungia ndani ya mfuko wa plastiki ukiwa na unyevu kwa siku saba. Ukifunguliwa ukatoa harufu ya mkojo au ya kuoza, limefeli. Kisha tunapanda maharage 10 kwenye makopo yenye mboji iliyochanganywa na udongo, na mengine 10 kwenye udongo mtupu, tunayalinganisha kwa wiki tatu. Katika marundo sita, mawili yalifeli mtihani wa mfuko tukayarudisha kupumzika. Mboji iliyoiva hainuki, wala hainukii waridi, kwa wale mliouliza. Ina harufu ya udongo wa msituni mvua ya kwanza ikinyesha.

Tunajua swali lililobaki mioyoni mwenu, kwa sababu mzee mmoja alitusimamisha kanisani akatuuliza mbele ya watu: na sumu je?

Ni swali zuri na hatuna jibu la kulitupa kwa mkono mmoja. Dawa nyingi za mimea huvunjwavunjwa na joto, vijidudu na muda, na hiyo ni sababu nyingine ya kutofanya haraka. Si zote. Shaba, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za ukungu, ni madini, haiozi, inabaki. Na zipo dawa za kuulia magugu zinazopita kwenye rundo la moto zikatoka salama, kisha zikakunja majani ya maharage na nyanya. Ndiyo maana tunatumia maharage kwenye makopo: huonyesha haraka. Ndiyo maana pia shamba linalotupa maua linatuonyesha daftari lao la kupulizia, na hatupokei mzigo uliopuliziwa karibuni wala chochote kilichoguswa na dawa ya magugu. Mara mbili dereva wa guta amerudi mtupu, na tulimlipa nauli. Hadi sasa mboji yetu inakwenda kwenye migomba, kahawa na miti ya kivuli tu. Kwenye mboga haitakwenda mpaka sampuli ipimwe mabaki ya dawa. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko hapa hapa Ngaramtoni. Hatuhitaji kupanda ndege.

Pia tusiwauzie ndoto. Kiroba cha urea cha kilo 50 kina kilo 23 za naitrojeni. Mboji nzuri ikishakauka huwa na naitrojeni asilimia 1 hadi 2 hivi, na sehemu ndogo tu ya hiyo hutoka mwaka wa kwanza. Anayetaka mahindi yabadilike rangi ndani ya wiki moja, mboji haitamfaa. Inachofanya ni kushika maji, kulegeza udongo, na kumfanya huyo huyo anayenunua mbolea ya dukani aone faida ya fedha yake, maana haitasombwa yote na mvua.

Tuna maombi manne.

La kwanza na kubwa ni paa. Rundo likiwa wazi, mwezi wa kwanza linakauka na mwezi wa nne linaloa. Maji ya kahawia yanayochuruzika chini yake wakati wa masika ni potashi na naitrojeni inayokwenda mtoni badala ya kwenda kihambani. Turubai mlilotupa limetusaidia, lakini upepo wa mwezi wa nane umelichana katikati. Nguzo, mbao na bati za banda la mita 6 kwa 12 ni shilingi 2,900,000. Kiwanja tumepewa na ukoo mmoja kwa maandishi, na washili wameshuhudia.

La pili ni mashine ya kukatakata mashina. Shina la waridi ni mti, tena lina miba. Likiachwa zima linachukua mwaka na zaidi kuoza. Likikatwa vipande vifupi kama kidole linaoza pamoja na wenzake. Hadi sasa tunakata kwa panga juu ya gogo, na mikono yetu mnaweza kuiona tukishuka hapa. Tumepata mashine ya petroli iliyotumika, fundi ameikagua, ni shilingi 1,450,000. Kipimajoto chenye mshale mrefu ni 90,000, ili nondo ipumzike. Na kwa vipimo vya maabara, pamoja na usafiri, tumetenga 410,000.

Jumla ni shilingi 4,850,000. Sisi wenyewe tumeshaweka 620,000 kwenye akaunti ya kikundi. Mkichangia pungufu, tutaanza na paa na vipimo, mashine itasubiri na panga litaendelea. Tumekubaliana hivyo kwenye kikao.

Mtu ametuuliza pia kuhusu mashada ya mazishi. Ya maua halisi tunayapokea, ila familia yenyewe ndiyo ilete. Sisi hatuendi kuchukua kitu makaburini. Na tafadhali toeni waya, utepe, na ile sponji ya kijani inayochomekewa maua. Sponji ile ni plastiki. Haiozi, inasagika tu kuwa vumbi, na mwaka huu tumeiokota kwenye rundo chembe kwa chembe siku mbili nzima.

Nje, karibu na mlango wa upande wa jikoni, kuna meza yenye makopo ya maharage: kumi ya mboji na kumi ya udongo mtupu. Njooni mlinganishe wenyewe, msituamini kwa mdomo. Pembeni kuna viroba 30, kila kimoja kimeandikwa tarehe ya kuanza na tarehe ya kufaulu. Yule mama wa nyanya ameshachukua vyake viwili kwa ajili ya migomba, na alilipa, alikataa kupewa bure. Viroba vilivyofungwa kamba nyekundu havijafika tarehe. Hivyo hatuuzi, hata kwa anayesafiri kesho asubuhi.